Kabla Hatujalipia Runinga, Tuwashieni na Gemu

Jumamosi nilimsindikiza mpwa wangu hadi Luthuli, barabara ya maduka ya elektroniki jijini Nairobi, kutafuta runinga. Hela ni zake, jasho lake mwenyewe, na alijua anachotaka: skrini ya kutazamia mpira wikendi na kuchezea PlayStation 5. Kijana wa duka akatupeleka moja kwa moja kwenye inchi 55, akagonga kibandiko cha pembeni kwa kidole. "Mkubwa, hii ni mia moja ishirini. Imeandikwa hapo." Kweli 120 ilikuwepo, lakini mbele yake palikuwa na jina la kibiashara, na herufi Hz, yaani mara ngapi skrini hubadilisha picha kwa sekunde, hazikuwepo popote. Mpwa wangu akatafuta nambari ya modeli kwenye simu: paneli, yaani kioo chenyewe cha picha, ni ya 60Hz. Akaambiwa mambo ya intaneti si ya kuaminiwa. Tukaomba basi tuchomeke PlayStation tuliyokuja nayo mkobani, dakika chache tu. Akakataa. Lipieni kwanza, mkajaribie nyumbani.

Nilitoka pale nimekasirika, na bado nimekasirika. Soko la Gikomba utavaa kiatu cha mtumba mguu wa kushoto na wa kulia, utembee hatua mbili tatu, ndipo utoe shilingi mia tano. Runinga ya mshahara wa miezi kadhaa tunauziwa kwa kuangalia video ya maua na samaki wa rangi, iliyotengenezwa makusudi ili kila skrini ipendeze, mwanga ukiwa umepandishwa hadi mwisho.

Ile 120 ya kibandiko mara nyingi ni hesabu ya kampuni: wanachukua paneli inayobadilisha picha mara 60 kwa sekunde, wanaongeza kazi ya programu na mwanga wa nyuma, kisha wanaandika nambari kubwa. Na hata paneli ikiwa ni ya 120Hz kweli, uliza ni tundu lipi la HDMI, lile la kuchomekea waya wa picha na sauti, linalopitisha 4K, yaani picha ya ubora wa juu, kwa kasi hiyo. HDMI 2.0 huishia 4K ya 60Hz. 4K ya 120Hz bila kupunguza rangi inahitaji 2.1, na kuna runinga zenye matundu manne ambapo mawili tu ndiyo yenye uwezo huo.

Lakini linaloniuma zaidi ni jambo ambalo hakuna kibandiko kinacholitaja: kuchelewa. Runinga za siku hizi hulainisha mwendo kwa kushikilia picha kadhaa, kubuni nyingine za kuweka katikati, kisha ndipo zionyeshe. Kwa filamu hutaona tofauti. Kwenye gemu unabonyeza pasi na mchezaji anaitoa beki akishafika. Gemu ya picha 60 kwa sekunde hutoa picha moja kila milisekunde 17 hivi. Skrini ikichelewa milisekunde 100, uko nyuma kwa picha sita. Hali ya gemu kwenye mipangilio huzima ulainishaji huo, na kwenye runinga nzuri ucheleweshaji hushuka hadi milisekunde 10 au 15. Hilo huwezi kulisoma kwenye boksi. Unalihisi kwa vidole, pedi ya gemu ikiwa mkononi. Ndiyo maana nasisitiza tujaribu. Anayecheza gemu za mpira tu aelewe pia kwamba 60Hz yenye hali nzuri ya gemu itamfaa kuliko 120Hz ya kibandiko, na itamwachia hela ya spika, maana sauti za runinga hizi nyembamba zinasikitisha.

Nakubali, shingo upande, kwamba maduka ya Luthuli ni finyu, watu wanapita wakisukumana, na muuzaji ana haki ya kuogopa wezi na waya za kila mtu. Basi atenge skrini moja. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu kinampa mnunuzi haki ya kupata maelezo anayohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 nayo inakataza maelezo ya kupotosha. Kumwambia kijana wa watu kuwa 60 ni 120 hakuwezi kuitwa maneno ya biashara tu.

Duka la pili, Moi Avenue, dada mmoja alitufungulia tundu bila maneno mengi. Tulifungua mipangilio ya PlayStation, sehemu ya skrini na video, kwenye maelezo ya kifaa kilichounganishwa. Pale mashine yenyewe inaorodhesha kasi ambazo runinga inakubali, na mstari wa kuangalia ni ule wa 4K, kwa sababu runinga nyingine hukubali 120Hz kwa picha ya ubora wa chini pekee. Mpwa wangu akacheza kipindi kimoja, akazima hali ya gemu, akaiwasha tena. Akalipa kwa M-Pesa palepale.

Kifaa cha kuzuia stima ikipanda na kushuka nunueni siku hiyo hiyo, msingoje. Na risiti iandikwe nambari kamili ya modeli, hadi herufi ya mwisho, pamoja na kasi ya paneli. Muuzaji akikataa kuiandika, nendeni duka linalofuata.