Mniache Nichipue kwa Wakati Wangu

Kila mwaka majira ya baridi yanapofungasha virago, watu wa nyumbani kwangu hupatwa na maradhi yasiyo na dawa wala chanjo, nayo ni maradhi ya kunitaka nibadilike. Miezi yote ya baridi nilipojifungia ndani, nikiwa nimevaa soksi mbili mbili na kunuka blanketi, hakuna aliyenisumbua, kwa kuwa mtu mzima anayelala mchana wakati wa baridi huhesabiwa kuwa mwenye busara anayetunza nguvu zake. Lakini mti wa kwanza ukishatoa machipukizi, mtu yule yule, akiwa kwenye kochi lile lile, huitwa mvivu. Mimi sijabadilika hata kidogo. Aliyebadilika ni mti.

Ugomvi wetu huanzia kwenye tarehe. Mke wangu hufuata hesabu ya wataalamu wa hali ya hewa, ambao kwa upande wa kaskazini mwa dunia huanza kuyahesabu majira ya machipuko tarehe 1 Machi, kwa sababu wao hupenda kuweka kumbukumbu zao kwa miezi mizima isiyokatwakatwa. Mimi ni mfuasi wa wanafalaki, wanaosema tusubiri mpaka mchana na usiku vikaribiane kwa urefu, yaani kwenye tarehe 20 Machi au karibu na hapo. Sikuingia katika kundi hili kwa mapenzi ya nyota. Niliingia kwa sababu linanipa takriban wiki tatu za ziada kabla ya kukabidhiwa ufagio. Binti yetu mkubwa, ambaye shule imemfundisha mambo mengi kuliko yanayohitajika mezani, alitukumbusha kwamba kwa wenzetu wa kusini machipuko huja mwezi Septemba. Nikaona mlango umefunguka, nikatangaza kwamba tangu siku hiyo nafuata kalenda ya kusini. Mke wangu akaniangalia kuanzia utosini hadi unyayoni, kisha akauliza kwa upole kama na chakula cha jioni nikisubiri hadi Septemba.

Binti akaendelea kutueleza kwamba majira yote hutokana na mhimili wa dunia kuinama kwa nyuzi 23.4 hivi, ndiyo maana upande mmoja hulielekea jua huku mwingine ukilikwepa. Basi nikabaki na swali ambalo hadi leo sijajibiwa. Sayari nzima imeshindwa kusimama wima, na watu wanaitungia mashairi. Mimi nikiegemea mto kwa nyuzi chache tu, naambiwa nitaharibu mgongo.

Kabla hoja hiyo haijapoa, huja suala la saa. Katika nchi nyingi za Ulaya na sehemu kubwa ya Marekani, mwezi Machi saa husogezwa mbele, na mtu hulala akiwa na usiku kamili akaamka akiwa amenyofolewa saa nzima. Nimefuatilia ili nijue ni nani hasa ninayemdai. Mdaiwa wa kwanza ni George Hudson wa New Zealand, aliyefanya kazi posta na kukusanya wadudu kwa muda wake wa ziada, na ambaye mwaka 1895 alipendekeza saa zisogezwe kwa saa mbili nzima ili watu wabakiwe na mwanga baada ya kazi. Wa pili ni William Willett, mjenzi wa nyumba wa Uingereza aliyechapisha kijitabu chake mwaka 1907, naye alikuwa mpenzi wa gofu asiyefurahia giza kumkatizia mchezo. Willett alifariki mwaka 1915, na mwaka uliofuata Ujerumani ikaanza kuzisogeza saa, wakati wa vita, kwa nia ya kubana matumizi ya nishati. Kwa hiyo usingizi wangu umepotea kwa hisani ya bwana mmoja aliyekimbiza wadudu na mwingine aliyekimbiza kijipira, na wote wawili hawapo tena duniani niwafungulie kesi.

Kipande cha usingizi kilichosalia humalizwa na ndege. Dume huanza kuimba kabla jua halijachomoza, na wajuzi wa mambo hayo husema kwamba huwa anawaonya madume wenzake wasivuke mpaka wake na papo hapo anamwita jike. Yaani kile ambacho mke wangu hukiita salamu za asubuhi njema ni mgogoro wa ardhi uliochanganywa na posa, nami nimelala katikati ya baraza hilo bila hata kuitwa kuwa shahidi. Nikifunga dirisha, naambiwa ninaikataa hewa safi.

Hewa yenyewe hiyo safi ndiyo inayonimaliza. Mimi nina mzio wa chavua, yaani ule unga wa maua, na majira haya yakiingia pua yangu hutiririka kama bomba lililopasuka. Mama mkwe wangu, ambaye ananipenda kwa namna yake, hushikilia kwamba adui yangu ni maua ya mezani, na kila akija kututembelea huyabeba kwa haraka na kuyatoa nje huku akinipa pole. Maua hayo yanaonewa. Mara nyingi ua lenye rangi za kuvutia humtegemea mdudu, na chavua yake ni nzito, yenye kunata, isiyosafiri mbali. Wakosaji hasa ni miti inayochavushwa na upepo, kwa mfano mialoni, ambayo maua yake hayana sura ya kumsimamisha mpita njia lakini humwaga chavua nyepesi isiyo na idadi. Miti ikichoka, nyasi hupokea zamu. Mwili wangu nao, badala ya kutuliza akili, hukiona kichembe kisichomdhuru mtu ukadhani umevamiwa na jeshi, ukaachilia kemikali yake iitwayo histamini, na chafya zikaanza. Chafya ya kwanza familia yangu huniambia "afya", ya pili vilevile, lakini zikishakuwa mfululizo huniomba nitoke nje, huko huko iliko chavua. Nikinywa zile dawa za mzio za aina ya zamani nasinzia, na nikisinzia naambiwa sina ari ya maisha.

Usafi mkuu wa nyumba sitauzungumzia sana, kwa sababu kila mwenye nyumba anaufahamu na sipendi kutonesha vidonda vya watu. Nitautaja ufunguo mmoja tu. Uko kwenye droo ya jikoni, umeshika kutu kidogo shingoni, na umefungwa kwa uzi mwekundu ambao hakuna anayekumbuka nani aliufunga. Kila mwaka hutolewa, hupanguswa, hujaribiwa katika kila mlango na kila sanduku la nyumba hii, hukataliwa na vitasa vyote, kisha hurudishwa droo ile ile kwa heshima zote, kwa kuwa hakuna kati yetu mwenye moyo wa kuutupa. Ningekuwa ufunguo huo ningeishi vizuri sana.

Lakini yote haya ningeyavumilia kama si hili suala la kupata msukumo. Zamani majira ya machipuko yalikuwa ya mimea. Siku hizi naona mtu naye anatakiwa achipue, na achipue kwa ratiba. Binti amekuwa akikimbia asubuhi na kurudi akiwa na mashavu mekundu na maneno ya kunitia moyo. Mama mkwe hupiga simu kueleza alivyopanda vitunguu vya tulipu tangu kabla ya baridi, maana bila kupigwa na baridi ya kutosha havitoi maua ya maana, kisha hunyamaza kidogo ili niutafakari mfano huo. Mke wangu yeye alininunulia daftari lenye jalada la kijani, akanitaka niandike kila siku jambo moja linalonipa ari. Siku ya kwanza niliandika "kitanda". Akasoma, akalirudisha mezani bila neno, na kwa waliooa hakuna maoni makali kuliko hayo.

Daftari hilo halikukaa bure, kwani kitinda mimba wetu alilitwaa. Mwalimu wao alikuwa amewapa kila mtoto mbegu ya haragwe waioteshe kwenye chupa ya kioo yenye pamba iliyoloweshwa, nao wachore kinachotokea. Akaiegemeza mbegu kwenye ukuta wa kioo ili aione vizuri, akaweka chupa dirishani, dirisha lile lile la chavua, na mimi nikateuliwa mlinzi kwa sababu niko nyumbani zaidi ya wengine. Ganda lilikunjamana kwanza, kisha likapasuka ubavuni, na pakatokea mzizi mweupe ulioelekea chini moja kwa moja bila kumuuliza mtu. Mwanangu akailaza chupa ubavu, makusudi, aone utafanya nini. Kesho yake ncha ya mzizi ilikuwa imekata kona, inashuka tena. "Baba, umejuaje chini ni wapi?" Nikalazimika kutafuta jibu, maana baba hawezi kukaa kimya mbele ya haragwe: ndani ya ncha ya mzizi mna vichembe vya wanga vilivyo vizito, vinavyozama upande wa chini wa seli zao, na kwa kuzama huko mzizi hujua pa kwenda. Mtoto akatafakari, akauliza kama na mimi nina wanga mwingi, maana kila mara naelekea kwenye kochi. Walicheka wote. Nami nilicheka, japo nilijitahidi kuficha nyuma ya leso.

Nieleweke vizuri kwamba nilichokuwa nikifanya alfajiri iliyofuata, nikiwa nimepiga magoti dirishani kwa soksi, tochi mkononi, kabla hata wale madume wenye mgogoro wa ardhi hawajaanza, ni ulinzi tu. Shina lilikuwa limejikunja mfano wa kulabu, linajivuta kutoka kwenye pamba likiwa limebeba nusu mbili za mbegu kichwani, na nilitaka kuhakikisha kwamba kofia ya ganda haijalibana. Nilimwita mtoto aje aone. Akaja na daftari, akanikalia mapajani, akachora, akanipa penseli nimsaidie pale pa kulabu, nikachora vizuri sana kuliko alivyotarajia. Ndipo taa ikawashwa. Mke wangu alisimama mlangoni akatutazama, akalitazama na daftari, akatabasamu kwa namna ambayo naifahamu na ninaiogopa. Nikawahi kumwambia kwamba nilikuja kufunga dirisha kwa sababu ya chavua.

"Vizuri, Baba watoto," akasema. "Mtu anayeweza kuamka saa hii kwa ajili ya haragwe, anaweza kuamka saa hii kwa ajili ya kabati la chini ya ngazi."

Nimelifungua kabati hilo. Mna soksi za watu ambao miguu yao imeshakua, mna mwavuli usio na kitambaa, na huko nyuma kabisa mna kisanduku cha bati kilichofungwa kwa kufuli. Familia nzima imenizunguka, na binti ameshakwenda kuleta ule ufunguo. Umekataa.