Bibi Ana Jumuiya Nzima, Ila Chooni Hana pa Kushika

Huku Uingereza kuna kitu kimoja kidogo ambacho kila nikikiona kinanifurahisha na kuniuma kwa pamoja: kipande cha chuma cheupe, urefu kama mkono wa mtu, kimefungwa ukutani kando ya choo cha mzee. Mara nyingi mzee mwenyewe hakukiomba. Alianguka au alifanyiwa upasuaji, na alipokaribia kuruhusiwa akaja mtaalamu nyumbani kwake na tepu ya kupimia, akapima kimo cha kitanda, cha kiti, cha choo, akatazama kizingiti, kisha akatumwa fundi. Kwa England hilo limo kwenye sheria ya mwaka 2014: aliyepimwa akaonekana anahitaji, vifaa na marekebisho madogo ya nyumba yasiyozidi pauni 1,000 hayalipiwi.

Najua nitakachoambiwa. Umeondoka Mwanza juzi, leo unatufundisha kutunza bibi zetu? Huko si ndiko wazee wanapelekwa kwenye nyumba za kulelea, wanakufa bila mtu wa kuwafumba macho? Sawa. La upweke ni kweli na sitalitetea. Hapa mwanamke wa miaka 85 anavalishwa kamba shingoni yenye kitufe. Akianguka abonyeze, na sauti ya mtu asiyemjua itamuuliza ameumia wapi. Kanisani anakaa peke yake kwenye benchi la kutosha watu kumi. Hakuna Msukuma wala Mkerewe atakayenisikia nikisema maisha hayo ni bora kuliko ya bibi zetu. Sijasema, na sitasema.

Bibi ninayemsema mnamfahamu, kila ukoo unaye. Kazaliwa enzi za mkoloni, kabatizwa kwenye kigango kilichozaliwa na misheni ya Bukumbi, ile ya tangu 1883, au ng'ambo kule Ukerewe. WAWATA, umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania, ilipoanzishwa mwaka 1972 alikuwa tayari na mtoto mgongoni, na mpaka leo kitenge cha WAWATA ndicho anachokikunja vizuri kuliko nguo zote. Amezika mume, amezika na watoto. Shamba haliuzwi na mahari haipokelewi bila neno lake. Nyumba yake iko juu ya mawe, Mabatini au Igogo au mgongoni mwa Isamilo jijini Mwanza, na kwa miaka mingi ameshuka na kupanda mlima huo kwa miguu kwenda misa ya kwanza. Dagaa, mlenda, michembe ya viazi vilivyokaushwa na huo mlima vimempa moyo na mapafu ambayo vijana wa bodaboda hawana.

Ila kinachomweka hai zaidi, pamoja na neema ya Mungu ambayo yeye huitaja kwanza, ni kwamba anaonekana. Akikosekana misa ya saa kumi na mbili, saa nne kuna mtu mlangoni. Jumuiya ndogo ndogo ya mtaani ikisali kuna macho ya watu kumi na tano juu yake kila wiki: amekonda, miguu imevimba, leo hakuitikia litania. Asipoweza kushuka, Ekaristi inapanda kwake. Na kwa Usukumani kuonekana huko kumekuwa ngao. Yaliyowapata vikongwe wenye macho mekundu tunayajua wote. Macho yaliyounguzwa na moshi wa kuni na mavi makavu ya ng'ombe miaka na miaka, watu wakasoma humo uchawi, wakawaua. Naamini kabisa kwamba bibi anayejulikana kwa jina na paroko, katekista na mwenyekiti wa jumuiya ni mgumu kuzushiwa. Hilo najivunia, na huku sijaliona lolote linalolikaribia.

Sasa, bibi huyu huyu, mwenye jumuiya nzima nyuma yake, saa nane za usiku anatoka peke yake na ndala zilizokwisha soli, anapita juu ya jiwe lenye utelezi mpaka choo cha shimo, anachuchumaa, na wakati wa kuinuka hana pa kushika isipokuwa tofali. Hapo ndipo ninapokosa uvumilivu. Tumempa heshima yote duniani, ila kipande cha bomba hatukumpa.

Kwa hesabu za huku Uingereza, katika kila watu watatu wenye zaidi ya miaka 65 wanaoishi majumbani, mmoja huanguka angalau mara moja kwa mwaka. Mfupa wa mwanamke mzee umepungua ugumu, na akiangukia ubavu unaovunjika kwa kawaida ni shingo ya paja. Dalili mnaziona kwa macho: mguu mmoja umekuwa mfupi, unyayo umegeukia nje, hawezi kuuinua. Hapo msimkande, msiuvute, msimwite mtu wa kuunga mifupa, na kwa jina la Mungu msimpandishe bodaboda. Mlazeni juu ya ubao au mlango uliong'olewa bawaba, wekeni mto katikati ya miguu, fungeni miguu yote miwili pamoja kwa khanga, mchukueni hivyo mpaka gari, gari mpaka hospitali ya Bugando. Huku Uingereza wanajitahidi apasuliwe ndani ya saa 36, kwa sababu kinachoua si mfupa bali kulala: mapafu yanajaa, damu inaganda miguuni, makalio na visigino vinatoboka. Akiwa kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku pia. Hiyo ni kazi ya wajukuu wanne kwa miezi, na mara nyingi mwisho wake tunaujua.

Mtaniambia hiyo ni mipango ya Mungu, bibi amekula chumvi ya kutosha. Mimi nasema kabla ya kumsingizia Mungu tununue mabomba mawili.

Bomba la inchi moja, lile la maji la chuma, unene wake wa nje ni kama milimita 34, na huo ndio unaojaa kiganja cha bibi vizuri. La inchi mbili vidole vyake havikutani. Linauzwa kwa urefu wa mita 6. Kata vipande vitatu vya sentimita 60. Viwili ni vya chooni, kushoto na kulia, visimame wima kuanzia sentimita 40 kutoka sakafuni, maana anayeinuka kutoka kuchuchumaa huanza kushika chini kisha mkono unapanda. Cha tatu ni cha mlangoni, kwenye kizingiti. Fundi wa kuchomelea aweke kila mwisho kipande cha bati nene chenye matundu manne, na bomba likae sentimita tano hadi sita mbali na ukuta: likibanana vidole haviingii, likiachana sana mkono wote unatumbukia. Ncha zigeukie ukutani, kwa sababu ncha iliyo wazi hukamata kitenge, na kitenge kikikamatwa ndicho kinachomwangusha. Pakeni rangi ya kuzuia kutu kwanza, hasa penye kiungo, kisha rangi inayopingana na ukuta, maana macho ya bibi yana ukungu na chuma cheupe kwenye chokaa nyeupe hatakiona.

Kinachoharibu kazi hii siku zote ni ukuta. Kwenye tofali la saruji bolti za kutanuka za milimita 10 zinashika. Kwenye tofali la udongo hazishiki hata kidogo. Zitakaa wiki mbili, zitang'oka siku bibi ametegemea uzito wote, na hapo ni afadhali zisingekuwepo. Ukuta wa udongo usiuguse, chimbia nguzo sakafuni, sentimita 50 ndani ya zege, pembeni ya choo na mbali na mdomo wa shimo.

Mita 3 katika zilizobaki zinakuwa mkono wa ngazi za kwenda nje, kimo cha sentimita 90. Bomba la pili linatoa nguzo tatu za mita 1.4, yaani 90 juu na 50 ardhini. Mlipo juu ya jiwe, na Mwanza ni wapi hamko juu ya jiwe, hakuna haja ya kuchimba: toboeni jiwe lenyewe na kumimina saruji nzito. Jiwe linashika kuliko udongo wowote.

Kuhusu kiti cha chooni, acheni kukata tundu kwenye kiti cha plastiki. Miguu yake hutanuka kwenye sakafu yenye maji, kisha hupasuka. Fundi huyo huyo anaweza kuchomelea fremu yenye miguu minne na mipira chini, kimo cha kutoka kisigino cha bibi mpaka nyuma ya goti lake.

Vipo na visivyohitaji chuma. Bibi zetu wengi wana presha na wanameza dawa ya kupunguza maji mwilini. Jumapili hawaimezi, kwa kuogopa kutoka katikati ya mahubiri, kisha jioni ndipo wanaimeza na usiku kucha ni safari za chooni. Muulizeni daktari kama anaweza kuimeza saa tano asubuhi akirudi kanisani. Mara nyingi jibu ni ndiyo. Akiamka asisimame papo hapo, kwa kuwa presha hushuka akaona kizunguzungu: aketi ukingoni mwa kitanda, nyayo chini, amalize sala ya Malaika wa Bwana yote, ndipo anyanyuke. Muda huo unatosha.

Na hili la kwenda misa ya kwanza tumboni hamna kitu, huku amemeza dawa ya sukari, ni hatari tupu. Sukari inaweza kushuka, akaanguka kwenye foleni ya Komunyo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 919, inawaruhusu wazee na wagonjwa kupokea hata kama wamekula ndani ya saa moja. Kanuni ya 1252 inamwondolea mtu wajibu wa kufunga akianza mwaka wake wa 60. Bibi wa miaka 85 hadaiwi. Lakini akiambiwa na mjukuu aliyeko Ulaya hatasikia, ataona imani imempoa mjukuu. Paroko ndiye amwambie, tena mbele ya wenzake.

Tukiwa hapo hapo kanisani: harambee ngapi zimepigwa za vigae vinavyong'aa na ngazi pana za mbele, na mkono wa kushika hakuna? Mvua ikinyesha asubuhi, vile vigae ni hatari hata kwa mwanakwaya. Wazee ndio wanaojaza misa ya kwanza na ndio wanaomaliza kadi za zaka mapema. Tuna Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, tuna dirisha la wazee hospitalini, vyote vizuri, ila sera haifiki kwenye ngazi za kanisa wala chooni kwa bibi. Huko tunafika sisi.

Atatokea wa kusema ni rahisi kuongea ukiwa na pauni. Ndugu yangu, mabomba yote mawili, saruji na fundi ni pungufu ya tunachochanga kwa turubai, viti, sare na basi la kukodi kutoka Dar siku bibi akifa. Na wanaochanga ni sisi sisi, wa huku na wa huko, ndani ya siku tatu, bila kuambiwa mara mbili. Sisemi tumzike bila heshima. Nasema uwezo tunao.

Kizuizi cha mwisho ni bibi mwenyewe. Atasema yeye si mgonjwa, chuma ni cha walemavu, fimbo ni ya wazee. Msibishane naye. Kazi ifanyike akiwa kanisani, na cha kwanza kifungwe kwa mama mkubwa wa WAWATA anayemheshimu, ili akikiona kwa mwenzake kisiwe aibu. Fimbo mkimnunulia, avae viatu vyake vya kanisani, mkono uning'inie, na mpini ufike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Ikizidi kimo ikateni chini na murudishe mpira. Aishike mkono ulio upande wa mguu mzima, si upande unaouma, na huo mpira mtazameni kila mwezi, ukiisha michirizi badilisheni.