Bibi na bwana watoke pamoja, kuanzia soko ya Kenya

Hapa Lubumbashi, Kongo, utawaona bibi na bwana pamoja kanisani, kwenye matanga na kwenye arusi ya ndugu. Sokoni, hapana. Mwanaume akionekana amebeba kikapu nyuma ya mke wake, hawakosi wa kusema kwamba amelishwa dawa. Maneno hayo nimeyasikia hapa Katuba kwa watu ninaowaheshimu, na nimechoka kuyanyamazia. Mume na mke wawe na siku yao ya kuzungukia mambo ya nyumba, tangu asubuhi mpaka jioni: soko, benki, duka la mabati, shule, halafu mahali pa kukaa na kula. Na wakizunguka, wote wawili wasimame mbele ya kila muuzaji na kila karani. Mmoja asibaki chini ya mti akimsubiri mwenzake.

Naanza na soko ya Kenya (kwa msomaji wa mbali, Kenya ni komini, yaani wilaya, ya mji wetu) kwa sababu pesa ya chakula inaishia pale. Twende mapema. Wakati wa kiangazi, ikifika saa nne vumbi jekundu limeshapanda, na Septemba joto linakuwa kali wakati mvua ya Novemba bado iko mbali. Asubuhi wauzaji wana subira na unaweza kuzungumza bei.

Unga wa mahindi unapimwa kwa meka, chombo cha kupimia. Muuzaji anachota, anajaza chombo, kisha anazungushia mkono kwenye ukingo ili unga upande juu bila kumwagika. Mwanaume asiyezoea anatazama kilele kile na kuridhika. Mke wangu anatazama mkono. Muuzaji akimimina kutoka juu, unga unakaa mwepesi na chombo kinajaa haraka. Akichota kwa utulivu na kuuacha ujikalie, unga unaingia mwingi zaidi. Kwa hiyo mke wangu anainama, anagonga ubavu wa chombo kwa vidole, unga unashuka, naye anasema kwa upole, "Mama, utuongezee, na matabishi usisahau," yaani nyongeza ya bure. Hawagombani. Muuzaji anacheka, anaongeza, kwa kuwa amejua kwamba huyu ni mtu wa bukari (ugali) kweli. Kwa familia ya watu wengi, tofauti ya unga kati ya mnunuzi anayegonga chombo na asiyegonga ni sahani ya mtoto, na ujuzi huo hakuna shule inayoufundisha. Mume asiyewahi kusimama pale hajui mke wake anamwokolea nini kila wiki.

Wala hajui bei inatoka wapi. Sehemu kubwa ya mahindi tunayokula inapita mpaka wa Kasumbalesa, kutoka Zambia. Wazambia wakizuia mahindi yao yasitoke, au malori yakikwama mpakani, bukari ya Katuba inapanda bei wiki hiyo hiyo. Makala, yaani makaa ya kupikia, nayo inakuja kwa baiskeli na malori kutoka porini, na pori lenyewe linazidi kurudi nyuma kwa sababu miti ya miombo inakatwa bila kupumzishwa. Mwanaume anaacha pesa ile ile mezani mwezi baada ya mwezi, jioni anakuta sombe (kisamvu) haina samaki, halafu anauliza, "Pesa umeitia wapi?" Swali hilo limevunja nyumba nyingi katika mji huu. Angekuwa amesimama mbele ya gunia la makala mwenyewe, asingeliuliza.

Sasa nifike kwenye pingamizi ninaloliona zito kuliko yote, nalo halitoki kwa wanaume. Wamama wengi hawataki waume wao sokoni. Wana sababu. Katika pesa ya chakula, mama anabana kidogo, anakipeleka kwenye likelemba (mchango wa kupokezana kwa zamu), na zamu yake ikifika ananunua kitu cha maana: sufuria kubwa, kitambaa cha pagne (kitenge), mtaji wa kuuza bitoyo (samaki wa chumvi) mbele ya nyumba. Mume akijua bei ya kila kitu, atapunguza pesa, na kile kidogo kitakufa. Siwezi kumwambia mama huyo kwamba ana woga wa bure, kwa maana waume wa namna hiyo wapo na ninawafahamu. Lakini akiba inayoishi kwa kufichwa inakuwa na umri mfupi. Mtoto akiugua usiku, pesa ya siri inatoka na maswali juu yake. Afadhali mume aione likelemba, aihesabu kuwa ni mali ya nyumba na jina la mke wake libaki juu yake, na aape kutoigusa. Kazi ya kwanza hapo ni ya mwanaume: aende sokoni kujifunza, asiende kukagua. Akianza kuandika bei kwenye karatasi ili aje kupunguza, ni heri angebaki nyumbani.

Benki ni jambo la heshima. Wanaume wa umri wangu tulikua chini ya Kanuni ya Familia ya nchi yetu ya tarehe 1 Agosti 1987, ambayo kifungu chake cha 448 kilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume wake kwa kila tendo la kisheria linalomfunga kutimiza jambo yeye mwenyewe. Mama mzima, mwenye biashara na watoto wakubwa, alihitaji neno la mume. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa hiyo na kuweka mapatano mahali pake: mume na mke wakubaliane, kila mmoja na mwenzake. Ni badiliko kubwa, na mtaani halijulikani vya kutosha. Nimesimama na mke wangu mbele ya dirisha la benki moja ya hapa mjini, karani akazungumza na mimi tu kuhusu fedha za mke wangu, mwenyewe akiwa amesimama palepale. Nilimwambia, "Mwenye mambo njo (ndiye) huyu mama, umuulize yeye." Karani alibadilika mara moja na kumwelekea. Hakuwa mtu mbaya. Alizoea tu kwamba mama haji, au akija anasindikizwa. Tukienda wawili wawili mara nyingi, mazoea yao yatabadilika.

Duka la mabati silisemei mengi. Itoshe kwamba mama ndiye anayejua mvua inaingilia upande gani wa jikoni, na kwamba noti ya dola iliyochanika hata kidogo haipokelewi, kwa hiyo macho manne ya kuikagua ni bora kuliko mawili.

Wapo wanaosema kwamba mume na mke kutembea hivi ni desturi ya wageni. Mimi nasema tuangalie vizuri ni desturi gani tuliyoipokea kwa wageni. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya kuchimba shaba, ilitaka wafanyakazi wakae na wake zao kambini, na kampuni ikawalisha kwa posho. Nyumba ilikuwa ya kampuni, shule ya kampuni, hospitali ya kampuni. Baba alileta jina lake na namba yake ya kazi, mama alipokea unga. Ndipo watu wakasema "kazi njo baba, njo mama" (kazi ndiyo baba, ndiyo mama), wakaendelea kusema hivyo hata baada ya 1967, kampuni ilipotaifishwa na baadaye kuitwa Gécamines. Katika maisha ya namna hiyo bibi na bwana walikuwa na machache ya kupanga pamoja, kwa kuwa mpangaji alikuwa mwingine. Halafu posho ikaisha. Kuanzia 2003, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini kwa mpango wa kuondoka kwa hiari, kila mmoja na fedha zake za mwisho mkononi. Kwa majirani wengi niliowaona, baba alipokea fedha zile peke yake na kuamua peke yake, kama alivyolelewa. Gari likanunuliwa, likafa. Mama hakuulizwa, ingawa yeye ndiye aliyejua kuuza, aliyejua nani anakopesheka na bidhaa gani inatoka haraka. Uchungu huo bado uko katika nyumba za mji huu, na ndiyo sababu ninalisema jambo hili kwa ukali kidogo.

Baada ya mizunguko, lazima kuwe na mahali pa kukaa. Hapa sikubali kupunguziwa. Wanaume wanaosema hawana muda wa kutoka na wake zao wanaupata muda wa kwenda uwanjani Kamalondo timu ya mpira ya Mazembe ikicheza. Nami ninaipenda Mazembe, basi waende na mama. Au mkae kando ya ziwa la mjini, mtembee kwenye bustani ya wanyama, au kama gari lipo mtoke mpaka ziwa la Kipopo nje ya mji. Ikishindikana yote, michopo (nyama choma) ya mbuzi na kitunguu kibichi vinapatikana karibu kila komini. Mama anayesonga bukari kila siku akae kwenye kiti, aletewe sahani, anawe mikono kwa maji aliyomiminiwa na mtu mwingine. Mke wangu akishakula hivyo ndipo anaposema mambo ambayo nyumbani hayasemeki kwa sababu watoto wanasikia: binti yetu achague masomo gani, mama mkwe ahamie kwetu au tumjengee chumba kwake, deni la jirani tulidai au tuliache. Nyumbani tungeyagusa dakika mbili na mtu angebisha hodi.

Najua ndugu wanaofanya kazi kwenye migodi ya Kolwezi na Fungurume wanarudi kwa zamu, wamechoka, nao wanataka kulala. Walale siku ya kwanza. Ya pili wamwulize mke wao orodha ya mizunguko, kisha watoke naye. Shule ya msingi ya serikali haina ada tangu 2019, lakini sekondari inalipwa, na madaftari, viatu na sare vinanunuliwa na kila mzazi. Masomo yanaanza Septemba. Jumamosi za Agosti bado zipo, na soko ya Kenya inafunguka mapema.