Xenoverse 2: Imetunzwa au Imekamuliwa?

Dragon Ball Xenoverse 2, gemu ya mapigano inayotokana na katuni ya Kijapani ya Dragon Ball, ilitoka mwishoni mwa Oktoba 2016. Mei 2024 ikatolewa tena kwa ajili ya PS5 na Xbox Series, na waliokuwa nayo tayari wakapewa toleo hilo bila kulipa. Kati ya tarehe hizo, na hata baada yake, vifurushi vya nyongeza vya kulipia havikukoma: Super Pack, Extra Pack, Ultra Pack, Legendary Pack, Hero of Justice, halafu Future Saga. Gemu nyingi zinazotokana na katuni za Kijapani huvuma mwaka mmoja au miwili, kampuni ikaleta toleo jingine, na la zamani likasahaulika. Hii imegoma kustaafu.

Mashabiki wake hawaelewani juu ya jambo hili. Wapo wanaosema Bandai Namco, kampuni inayoiuza, imewatendea wema kwa kutowalazimisha kununua gemu mpya kila baada ya muda mfupi. Wapo wanaosema wanauziwa kitu kilekile vipande vipande. Mimi naegemea upande wa kwanza, ila nina kinyongo, na kinyongo changu hakihusiani sana na bei.

Kwa ambaye hajaicheza: hapa wewe si Goku, shujaa mkuu wa katuni. Unatengeneza mpiganaji wako mwenyewe kutoka moja ya jamii tano, yaani Saiyan, binadamu, Namekian, Majin au watu wa Frieza. Unachagua umbo, sura, sauti na nguo, kisha unaingia kwenye Doria ya Wakati inayosimamiwa na Chronoa, mungu wa wakati, pamoja na Trunks. Kazi yenu ni kulinda historia. Wabaya wawili, Towa na Mira, wanajipenyeza kwenye matukio ambayo kila shabiki anayajua, wanampa adui wa Goku kama Raditz au Frieza nguvu asizokuwa nazo, na wewe unatumwa palepale kusimama bega kwa bega na Goku mpaka mambo yaishe kama yalivyoisha kwenye katuni.

Wazo hilo halikuzaliwa na Xenoverse. Towa, Mira na hiyo doria walitoka kwenye Dragon Ball Online, gemu ya mtandaoni iliyofunguliwa Korea Kusini mwaka 2010, ambayo Akira Toriyama mwenyewe, mtunzi wa Dragon Ball, alishiriki kuchora wahusika wake. Mwaka 2013 ikafungwa. Seva zilipozimwa, kila mhusika aliyelelewa mle kwa miaka mitatu akapotea nazo, maana hapakuwa na kitu kilichobaki kwenye kompyuta ya mchezaji. Dimps, kampuni ya Osaka iliyokuwa imeshatengeneza gemu za Dragon Ball ziitwazo Budokai, ilichukua masalia ya wazo lile na mwaka 2015 ikatoa Xenoverse ya kwanza, yenye hadithi unayoweza kuicheza hata intaneti ikiwa imekatika. Anayelalamika kwamba Xenoverse 2 imeishi mno akumbuke mzazi wake aliishi muda gani.

Ajabu ni kwamba lawama ya mwanzo ilikuwa kinyume kabisa na ya leo. Mwaka 2016 watu waliuliza mbona mwendelezo umekuja mapema hivi, hata miaka miwili haijatimia. Nao walikuwa na hoja. Hadithi ilirudia njia ileile: Raditz, Vegeta na Nappa, kikosi cha Ginyu, Frieza, Cell, Buu, Beerus. Waliongezwa watu wa kwenye filamu kama Turles, Slug na Cooler, lakini aliyemaliza ya kwanza alijikuta anampiga Frieza kwenye sayari ileile ya Namek, kwa sababu zilezile. Shabiki wa Dragon Ball amemuona Frieza akipigwa kwenye katuni, kwenye filamu na kwenye kila gemu tangu utotoni. Uvumilivu una mwisho.

Kilichobadilika kilikuwa chini ya hadithi, na ndicho kilichoipa haki ya kuitwa ya pili. Katika ya kwanza, asiyechagua Saiyan alijuta. Saiyan aligeuka Super Saiyan, umbo lenye nguvu zaidi, wengine wakabaki na Kaioken, mbinu ya kujiongezea nguvu kwa muda. Katika ya pili kila jamii ikapewa mageuzi yake: Namekian anakuwa jitu, Majin anageuka Buu mwembamba yule mkorofi, mtu wa Frieza anavaa rangi ya dhahabu, na binadamu anapanda wingu la Goku akiwa na fimbo inayorefuka. (Ya binadamu ndiyo dhaifu kuliko zote, na hakuna anayebisha.) Mji wanaokutania wachezaji nao ukakua. Conton City, kwa maelezo ya waundaji wenyewe, ni kubwa mara saba kuliko Toki Toki City ya mwanzo, na seva moja inabeba hadi wachezaji 300 wanaopishana mitaani. Hapo mwanzo huruhusiwi kuruka mle mjini mpaka upate leseni, kichekesho kinachomfaa anayekumbuka siku Goku na Piccolo walipopelekwa kujifunza udereva. Na aliyekuwa bado na faili la Xenoverse ya kwanza aliweza kumleta mpiganaji wake wa zamani, akamkuta mjini kama shujaa wa historia, amejengewa sanamu.

Mapigano yenyewe yanastahili kutazamwa kwa karibu, maana watu hudhani ni kubonyeza vitufe ovyo. Chukua hali hii. Uko hewani, adui amekufungia msururu wa ngumi. Unaweza kutoweka na kuibuka nyuma ya mgongo wake, lakini kila ukitoweka kipimo chako cha pumzi kinashuka. Yeye naye anatoweka, anaibuka nyuma yako, chake kinashuka. Hapo ngumi zimeacha kuwa muhimu. Mnapimana nani ataishiwa kwanza. Ukiishiwa wewe, ulinzi wako unavunjika, unabaki unapepesuka huku mwenzako anatayarisha Kamehameha, mwali wa nguvu unaorushwa kwa mikono, bila haraka. Kaioken inakula pumzi hiyohiyo, kwa hiyo anayeiwasha anajiongezea makali huku akijifungia mlango wa kutokea. Wachezaji wazuri wa mtandaoni wanashinda kwa hesabu hii kuliko kwa kasi ya vidole.

Sasa fikiria mtu aliyemlea mpiganaji mmoja ndani ya mfumo huo tangu 2016. Amegawa alama zake kati ya uhai, nguvu, pumzi na mashambulizi; amejaribu mbinu kwa mbinu mpaka akapata zinazoshikana; ngazi ya juu ilikuwa 80, ikapandishwa kidogo kidogo hadi ikapita 100, naye akapanda nayo. Toleo jipya lingemwambia aanze upya. Nyongeza zimemwambia aendelee. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote upande wa kuitunza gemu, na naona haisemwi vya kutosha, kwa sababu wachambuzi wengi huipima kama gemu ya kupigana, ambayo thamani yake ni idadi ya wahusika na uzuri wa picha. Ukiipima kama gemu ya kulea mhusika, umri wake mrefu ni sehemu ya ubora wake.

Oktoba 2024 ilithibitisha hilo kwa njia isiyotarajiwa. Ilitoka Dragon Ball: Sparking! Zero, yenye picha nzuri kuliko kitu chochote kilichowahi kutoka kwenye ukoo huu na wapiganaji zaidi ya 180, ikauza nakala milioni 3 ndani ya saa 24 za kwanza. Ingekuwa Xenoverse 2 inaishi kwa sababu tu hakuna mbadala, ingekufa wiki ile. Haikufa, na vifurushi vya Future Saga vikaendelea kutoka. Sparking! inakupa kila shujaa uliyempenda. Haikupi mtu wako.

Upande wa pili una hoja zake, na haziondoki kwa kutikisa kichwa.

Vifurushi si mavazi tu. Super Pack ya kwanza ilileta wahusika Cabba na Frost. Extra Pack ya nne ikaleta Gogeta wa buluu na Broly wakati filamu yao inaingia kumbi za Japani mwaka 2018. Hero of Justice ikafuata filamu ya 2022. Lakini pamoja na wahusika huja mbinu, na mbinu hizo mpiganaji wako anaweza kuzivaa. Aliyelipa anaingia ulingoni mtandaoni na silaha ambazo asiyelipa hawezi kuzipata hata acheze usiku kucha. Ni kweli kwamba kila kifurushi huja na sasisho la bure, na baadhi ya hayo yalikuwa makubwa, kama Hero Colosseum ya 2017, mchezo wa pembeni wa kupiganisha vinyago. Hata hivyo mtu anayeinunua gemu leo anakuta foleni ya vifurushi ambavyo jumla yake inaweza kuipita bei ya gemu yenyewe, hasa mapunguzo ya bei yakiwa hayapo. Aliyelipa kidogo kidogo kwa miaka hakuumia. Mgeni anaumia kwa mkupuo.

Kwa mchezaji wa Dar es Salaam au Nairobi kuna kikwazo kingine ambacho hakiandikwi kwenye kasha. PlayStation Store haijafunguliwa rasmi kwa Tanzania wala Kenya, kwa hiyo watu hufungua akaunti kwa jina la Marekani, Uingereza au Afrika Kusini. CD nazo zinaingia kutoka kila upande. Kifurushi kilichonunuliwa kwenye duka la Marekani hakiitambui CD iliyotengenezwa kwa soko la Ulaya. Kinashuka, kinakaa kwenye mashine, na gemu inaendelea kana kwamba hukununua chochote. Gemu iliyokamilika ndani ya CD isingekuwa na shida hiyo. Gemu inayoishi kwa nyongeza inayo, na anayeumia ni yule ambaye kila gigabaiti ameilipia bando. Huku kwetu, hata hivyo, PS4 bado inatafuta riziki kwenye vibanda vingi vya gemu, na laiti Xenoverse ya tatu ingetoka miaka michache baada ya ya pili kwa mashine mpya pekee, vibanda hivyo vingebaki nje. Jambo moja linatuumiza na kutusaidia kwa wakati uleule.

Kinyongo changu sasa. Kwa miaka yote hiyo juhudi zimeenda kwenye kuongeza, karibu hakuna iliyoenda kwenye kurekebisha. Misheni za pembeni, zinazoitwa Parallel Quest, bado zinategemea bahati kwa namna inayochosha. Unatimiza sharti lililofichwa, na hata hapo sehemu ya mwisho ya misheni inaweza isijitokeze. Ikijitokeza, mbinu uliyoifuata inaweza isidondoke. Unarudia. Wenzako wanaoendeshwa na kompyuta wanarudia maneno yaleyale kila mara, na katika misheni ya kumlinda mtu, huyo unayemlinda anakimbilia kifo kwa bidii. Mambo haya yalilalamikiwa tangu mwanzo. Mgeni wa leo anapitia saa zake za kwanza kwenye hadithi ileile ya 2016, pamoja na Frieza wake, ndipo afike kwenye vitu vizuri vilivyokuja baadaye. Toleo la PS5 lilisafisha picha, ugumu huu likaupita.

Na hapa ndipo naona wanaosema imekamuliwa wanakosea shabaha. Wanalalamikia wingi wa vifurushi, wakati vifurushi vingi ni vizuri: Infinite History ya 2018, iliyomleta Fu, mwana wa Towa, ina ubunifu kuliko nusu ya hadithi kuu, kwa sababu haikulazimika kumfufua Frieza. Gemu imeuza nakala zaidi ya milioni 10. Fedha ya kurudi nyuma na kupunguza bahati nasibu kwenye misheni za zamani haikukosekana. Kilichokosekana ni sababu ya kibiashara: marekebisho hayauzwi kwa kipande, na mhusika mpya anauzwa.

Kwa anayetaka kuingia sasa, ushauri wangu ni mfupi. Inunue gemu yenyewe inapopunguzwa bei, na usiguse kifurushi chochote kabla hujamaliza hadithi kuu, maana utakuwa umeshajua kama unampenda mpiganaji wako au la, na hilo ndilo litakaloamua kama utabaki. Kama una CD, angalia alama ya umri mbele ya kasha kabla ya kununua nyongeza: PEGI ni ya soko la Ulaya, ESRB ni ya Marekani, na akaunti yako iwe ya upande huohuo. Ukianza na kifurushi, anza na Extra Pack ya pili, yenye ile Infinite History. Binadamu usimchague mara ya kwanza, labda uwe mtu wa kupenda shida.