Steringi Anamficha Nani?

Karibu kila hadithi ya mtu mwenye nguvu zisizo za kawaida hufika mahali pamoja. Mke, mchumba au rafiki anagundua kwamba yule bwana mpole anayechelewa chakula cha jioni kila wiki ndiye anayeruka juu ya maghorofa. Anauliza kwa nini hakuambiwa. Jibu linakuja haraka: nilikuwa nakulinda. Tuliokulia kwenye vibanda umiza tumelisikia mara nyingi, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili cha madijei wanaotafsiri, mpaka hatulihoji tena. Lakini ni jibu la swali jingine. Aliulizwa kwa nini alimficha huyu. Yeye anaeleza kwa nini aliwaficha wale.

Kuuficha umma na kuwaficha watu wa nyumbani ni mambo mawili, na hadithi hizi huyafunga kitita kimoja ili la pili lipite kwa mgongo wa la kwanza. La kwanza naweza kulitetea bila shida. La pili limekuwa likinisumbua, na hata ninapodhani nimepata msimamo kuna kisa cha zamani cha pwani yetu kinachonirudisha nyuma.

Tuanze na wanaotetea siri. Peter Parker, kijana wa Queens aliyetokea kwenye katuni za Marvel Agosti 1962 na kuitwa Spider-Man, aliishi zaidi ya miaka 40 ya machapisho bila umma kulijua jina lake. Mwaka 2006, katika mfululizo uitwao Civil War, mashujaa wachanga waliokuwa wakirekodi kipindi cha televisheni walianzisha pambano mjini Stamford, mlipuko ukatokea na kuua zaidi ya watu 600. Serikali ikatunga sheria ya kuwataka wote wenye nguvu wajiandikishe. Kwa kushawishiwa na Tony Stark, yaani shujaa Iron Man, Peter akasimama mbele ya waandishi wa habari, akavua kinyago, akataja jina lake. Haukupita muda, mhalifu Kingpin akiwa gerezani akatuma mtu wa kumdungua. Risasi ikampata May, shangazi mzee aliyemlea. Waandishi wenyewe hawakupata njia ya kawaida ya kutoka kwenye shimo walilochimba: mwishoni mwa 2007 Peter akalazimika kupatana na shetani, ndoa yake na Mary Jane ikafutwa kana kwamba haikuwahi kufungwa, May akapona, na dunia ikasahau alichotangaza. Anayesema "angewaambia tu watu" na alijibu hilo kwanza.

Katuni za X-Men, zilizoanza 1963, zinafika mbali zaidi. Humo mtu haadhibiwi kwa alichofanya bali kwa alivyozaliwa, na serikali hazioni haya kutumia maroboti ya kuwasaka. Kurt Wagner, mwenye ngozi ya bluu na mkia, anaingia kwenye hadithi mwaka 1975 akikimbizwa na wanakijiji wa Ujerumani wenye mienge. Yeye hana miwani ya kujifichia. Peter na Clark Kent, yaani Superman akiwa amevaa miwani, wanajadili kama wajifiche au wasijifiche kwa sababu sura zao zinawaruhusu kuchagua, na hilo ndilo jambo ambalo mashabiki wa kinyago husahau kulihesabu.

Msomaji wa huku kwetu hahitaji maroboti ili aelewe hofu hiyo. Katika vijiji vya Usukumani, upande wa Shinyanga na Mwanza hasa, vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, na wekundu wenyewe ulitokana na miaka mingi ya moshi wa kuni na samadi kavu jikoni. Hawakuwa na uwezo wowote wa ajabu. Ilitosha jirani aamini kwamba wanao. Tena Sheria ya Uchawi, iliyotungwa Tanganyika mwaka 1928 na ambayo bado imo kwenye vitabu vya sheria vya Tanzania, inamhesabu mkosaji hata mtu anayejitangaza kuwa na nguvu za namna hiyo. Peter Parker angevua kinyago chake Kariakoo na kusema mbele ya kamera kwamba anapanda kuta kwa viganja, ningemtafutia wakili kabla ya kumpigia makofi.

Kuna hoja ya pili ya upande huu, na binafsi naiona nzito kuliko ya usalama: mtu ana haki ya kuwa na siku ya kawaida. Superman, aliyebuniwa na Jerry Siegel na Joe Shuster wa Cleveland na kuchapishwa 1938, huchekwa sana kwa ile miwani. Wanaocheka warudie filamu ya 1978. Lois Lane, mwandishi mwenzake gazetini, ameingia chumbani kujiandaa, Clark amebaki peke yake sebuleni. Christopher Reeve anavua miwani, mabega yanapanda, shingo inanyooka, sauti inashuka na kuwa nzito. Pale pale, bila hila ya kamera, mtu mwingine kabisa amesimama. Anaanza kumwita Lois amweleze. Kisha moyo unamwishia, mabega yanaanguka, miwani inarudi machoni, Clark yule yule anababaika tena. Siri yake haikai kwenye vioo, inakaa kwenye mwili mzima. Na huyo anayerudi si mtu wa uongo. Amelelewa shambani Kansas na wazazi waliompenda, ana kazi, ana meza ofisini, ana mtu anayetamani kumwambia ukweli. Kumtaka aishi saa 24 akiwa mali ya umma ni kumnyang'anya kitu ambacho sisi wengine hatukukiomba na hatukukilipia.

Lakini ni hapo hapo kwenye meza ya ofisini ndipo utetezi unapoanza kuvuja. Katika toleo la 1986 la John Byrne, Lois anahangaika kupata mahojiano ya kwanza na mtu huyu anayeruka, anayapata, anakimbia nayo kwa mhariri, anakuta habari hiyo imeshaletwa na mwandishi mgeni aitwaye Clark Kent. Ameshindwa na mtu aliyejihoji mwenyewe. Peter naye kwa miaka aliliuzia gazeti la Daily Bugle picha alizojipiga mwenyewe, na mhariri wake, J. Jonah Jameson, akazitumia kumchafua Spider-Man huyo huyo. Watu huona hilo ni kichekesho. Mimi naona wasomaji wa magazeti mawili wakidanganywa kila asubuhi, na mwanamke mmoja hodari akiporwa kazi yake. Chumba cha habari chenye mhariri makini kingewafukuza wote wawili, nguvu au bila nguvu.

Hayo bado ni makosa ya ofisini. Kisa kinachonifanya niukatae utetezi wa siri ya nyumbani ni cha Gwen Stacy, mpenzi wa Peter, na wengi wanaokikumbuka hukumbuka daraja tu.

Baba yake, Kapteni George Stacy wa polisi, alikufa kwenye toleo la Novemba 1970. Spider-Man alikuwa akipigana na Doctor Octopus juu ya paa, vifusi vikaanguka, mzee akamwokoa mtoto aliyekuwa chini yake, vikamwangukia yeye. Katika pumzi za mwisho alimwita Spider-Man kwa jina lake halisi, Peter, akamwomba amtunze Gwen. Kumbe alikuwa akijua. Gwen hakujua. Kilichobaki kichwani mwake ni kwamba Spider-Man ndiye aliyemuua baba yake. Kwa hiyo akalia kwenye bega la Peter, akimlaani yule yule aliyekuwa amemshika. Peter akanyamaza. Unaweza kuita ulinzi, mimi nashindwa.

Na adui je? Norman Osborn, Green Goblin, alikuwa ameshalijua jina la Peter tangu 1966. Alipomteka Gwen kwenye toleo la Juni 1973, akampandisha darajani na kumwangusha, hakuhitaji kupeleleza chochote. Utando wa Peter ulimdaka mguuni, kule kusimamishwa ghafla kukamvunja shingo. Sasa hesabu waliokuwa na siri mkononi siku ile: muuaji alikuwa nayo, marehemu baba alikuwa ameondoka nayo. Aliyeikosa ni mmoja, naye ndiye aliyekufa kwa sababu yake. Hakupewa nafasi ya kuamua aondoke mjini, abaki akijua, au amwambie Peter kwamba mapenzi yao basi. Alichaguliwa hatari na mtu mwingine, kisha akafichwa kwamba amechaguliwa.

Kwa haki ya upande wa pili, kuambiwa kusingemzuia Osborn. Mary Jane Watson alitamka mwaka 1984 kwamba alikuwa akijua siku nyingi, na kujua huko hakukumwepusha na kutekwa wala na majanga mengine. Ila alipofunga ndoa na Peter mwaka 1987 alijua anaingia wapi. Tofauti kati ya wanawake hawa wawili haipo kwenye kiasi cha hatari bali kwenye nani aliyeikubali.

Ningeishia hapa kama nisingekuwa nimesoma habari za Fumo Liyongo. Shujaa wetu wa Pate na Ozi, ambaye kaburi lake wenyeji wa Kipini bado hulionyesha, hakuficha nguvu zake hata kidogo. Watu walimjua, walimwogopa, na mfalme wa Pate akamwonea wivu mpaka akamtia gerezani. Alichokificha Liyongo ni kinyume cha anachokificha Superman: kilichofichwa ni kitu cha kumuulia. Utendi wa Muhammad Kijumwa wa Lamu, wa mwaka 1913, unasimulia kwamba silaha za kawaida hazikumfanya kitu. Ila sindano ya shaba, ikichomwa kitovuni. Mfalme akamrubuni mwanawe kwa ahadi ya cheo na binti wa kuoa. Kijana akaenda, akamuuliza baba yake ni nini kinachoweza kumdhuru. Baba akamwambia. Mtoto akarudi na sindano, akamvizia usingizini.

Huyo hakusalitiwa na umma. Aliuawa na wa damu yake, kwa siri aliyoitoa kwa mdomo wake. Samsoni vivyo hivyo: Wafilisti wote walizijua nguvu zake na hawakumweza, mpaka alipomwambia Delila habari ya nywele. Wazee waliotuachia visa hivi hawakuwa na imani na sebule kama niliyo nayo mimi, na siwezi kusema walikosea tu kwa kuwa Gwen ananiuma.

Ila soma utendi ule wote. Liyongo akiwa gerezani, aliyemtoa ni mama yake. Liyongo alimtumia ujumbe kwa mafumbo ya wimbo, kupitia kijakazi Saada, naye mama akaelewa, akaoka mkate wa wishwa usiotamanika ili walinzi wasiuguse, ndani akaficha tupa ya kukatia chuma. Usiku wa ngoma, makelele ya gungu yakafunika sauti ya chuma kikikatwa. Nyumba ile ile iliyoleta sindano ndiyo iliyoleta tupa. Mama hakuhitaji kujua kitovu ili amwokoe. Alihitaji kujua mwanawe ni nani na anaweza nini akipewa chombo. Hapo ndipo ninapoona mpaka ambao hadithi za New York huuvuka bila kutazama. Gwen hakunyimwa habari ya sindano. Alinyimwa habari kwamba huyu ndiye Liyongo.

Kwa hiyo nasimama hivi: umma hauna dai la kujua jina, mke na mama wanalo, na sindano ni suala la tatu linalojadiliwa peke yake. Tena si suala la kulizika. Mtu anayeweza kubeba meli kwa mkono mmoja akiharibikiwa akili Jumanne asubuhi, nani atamzuia? Wale waliotaka orodha ya serikali baada ya Stamford walikuwa na swali la kweli, hata kama jawabu lao lilikuwa bovu, maana orodha inayokaa ofisini huwa na karani, na karani huwa na bei.

Katuni za Superman za mwaka 1990 zilitoa jawabu ambalo naliona bora kuliko yote niliyosoma. Pete yenye jiwe la kriptonaiti, kitu cha kumdhoofisha kirahisi, ilimfikia mkononi. Angeweza kuitupa angani isionekane tena. Akampelekea Batman, aitunze kwa ajili ya siku ambayo yeye Superman atapotoka au kutawaliwa akili na mwingine. Batman si ndugu yake wala si shabiki wake. Wamekosoana tangu siku walipofahamiana. Mwaka huo huo Clark alimchumbia Lois, na siri ya jina akaja kumpa muda mfupi baadaye. Pete hakumpa. Lois angeliweka jiwe lile sandukuni na asingelitoa kamwe, hata mji ukiwaka, kwa kuwa anampenda. Na mwana wa Liyongo angelitoa mapema mno, kwa kuwa alishaahidiwa mke.