Mikono ya upinde ipimwe kwanza, kishikio kifuate

Wengi wanaochonga upinde mrefu wa mtindo wa Kimarekani, ule wenye kishikio kinene kisichopinda, huanza na kishikio. Wanakichora kikavutia, wanakitengenezea pa kukaa kiganja, wanakirefusha, halafu mikono miwili ya upinde, yaani sehemu zinazopinda juu na chini ya kishikio, inapewa mbao iliyobaki. Kwangu mimi huko ni kuanzia mwisho. Kishikio hakirushi mshale. Kinachorusha ni mbao inayopinda, na kila inchi unayoiacha ngumu katikati umeinyang'anya mikono.

Chukua ubao wa inchi 68 kwa mtu anayevuta uzi mpaka inchi 28 kutoka kwenye kishikio. Sehemu isiyopinda ikiwa inchi 8, yaani 4 za kushika na 2 za kuteremkia kila upande, pale unene wa kishikio unapopungua kuelekea mkono, kila mkono unabaki na inchi 30. Ipe sehemu hiyo inchi 14, mikono inashuka hadi 27. Inchi 3 zinaonekana si kitu, lakini ukifupisha mkono ugumu hupanda kwa kasi: kwa unene uleule, huu wa 27 ni mgumu kwa zaidi ya theluthi. Utasema utapunguza unene. Haya, punguza mpaka ratili, yaani nguvu inayohitajika kuuvuta upinde, zirudi palepale. Bado mbao ndogo inafanya kazi ya mbao kubwa.

Madhara yake yatafute kwenye tumbo la upinde, upande unaomwelekea mpigaji, pale kishikio kinapoishia. Ugeuzegeuze kwenye mwanga: kuna vistari vyembamba vilivyokatiza ubao, ukipitisha ukucha unakwama. Hizo ni nyuzi za mti zilizopondeka, na haziungi tena. Mpigaji naye anaonja shida yake: inchi za mwisho za mvuto ratili zinapanda ghafla, na uzi unambana vidole.

Kanuni ninayoitetea ni ya siku nyingi: mvuto mara 2, ongeza asilimia 10, kisha jumlisha sehemu isiyopinda. Inchi 28 zinatoa 56, zinakuwa karibu 62, na kishikio cha 8 kinatufikisha 70. Kumbe hata ule wa 68 ulikuwa umebana! Wanaobandika faibaglasi wanaweza kufupisha, kwa kuwa inastahimili. Mbao tupu haistahimili hivyo. Wala sisemi mikono irefushwe bila kikomo, maana ncha nzito hula kasi ya mshale.

Pinde za Mary Rose, meli ya Mfalme Henry VIII iliyozama mwaka 1545 na kuinuliwa 1982, hazina kishikio kigumu kabisa. Zinapinda mpaka katikati, na nyingi zinakaribia mita 2. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi nao huchonga fimbo moja ya mviringo, bila kishikio kinene.

Ukishaamua kuwa na kishikio, usiigawe mikono nusu kwa nusu. Mshale hupita juu ya ngumi, kwa hiyo kishikio cha inchi 4 kikae inchi 1 juu ya katikati na 3 chini yake. Mkono wa chini unakuwa mfupi kwa inchi 2, na uachwe mgumu kidogo: upinde ukishafungwa uzi, nafasi kati ya uzi na mkono huo, pale unapoanzia, iwe ndogo kuliko ya juu kwa milimita 3 hadi 6. Anayeweka vidole vyote vitatu chini ya mshale msawazishie karibu sawa, kwa sababu yeye huvuta karibu zaidi na katikati.