Hajitambui, au hawezi kujibu?

Kwenye wodi moja hapa Mbeya nilimkuta shangazi akimkanda binamu yangu miguu huku akimsimulia habari za nyumbani Rungwe: upepo umelaza migomba, chai imechumwa. Ilikuwa wiki ya pili tangu kijana aanguke na bodaboda kwenye mteremko wa Iwambi. Nesi akasema kwa upole, "Mama, hajitambui." Shangazi akajibu, "Ananisikia. Nguvu ya kunijibu ndiyo hana."

Nani kati yao alikuwa sahihi?

Nesi alitumia kipimo cha fahamu cha Glasgow, cha mwaka 1974: macho, maneno na viungo, alama 3 hadi 15. Hakihitaji mashine wala umeme, na kinaongoza matibabu ya dharura dunia nzima. Ila kinapima jibu. Mwaka huohuo mwanafalsafa Thomas Nagel aliuliza popo anajisikiaje kuwa popo, akasema kuujua mwili wake wote hakutupi jibu hilo. Kiswahili nacho husema milango ya fahamu, na penye mlango kuna mwenyeji. Ukipiga hodi usiitikiwe, hamna mtu, au mwenyeji ameshindwa kuinuka?

Hapa sayansi inastahili heshima, maana haikuishia kwenye swali. Mwaka 2006 mtafiti wa ubongo Adrian Owen na wenzake walimwambia mwanamke wa miaka 23, aliyehesabiwa kuwa hana fahamu, afikirie anacheza tenisi. Kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, ubongo wake ukaitikia kama wa mtu mwenye afya. Utafiti wa mwaka 2024 ukapima wagonjwa 241 wasioitikia amri yoyote. Kwa 60 kati yao, karibu robo, ubongo ulionyesha kutii.

Wale 181 je? Shangazi hawezi kuwadai wote kuwa ushahidi wake. Kuna majeraha yasiyobakiza kitu, na kuificha familia ukweli huo ni ukatili. Lakini mashine nayo inasubiri jibu. Aliyelala, au asiyesikia vizuri, atahesabiwa hayupo. Mwaka 1998 mtafiti wa ubongo Christof Koch aliwekeana dau na mwanafalsafa David Chalmers kwamba ndani ya miaka 25 tungejua ubongo unavyozaa fahamu. Mwaka 2023 Koch alikubali kushindwa. Kwa hiyo mimi naegemea kwa shangazi, si kwa sababu amethibitisha lolote, bali kwa sababu kosa lake haliumizi kama kosa la kumsemea vibaya mtu anayesikia.

Jioni nesi alirudi na tochi. Safari hii alimwita kijana kwa jina kwanza: "Nakumulika machoni kidogo, usishtuke."